Ndoa za vibarua zilivunjikia wapi? Safari ya Kew, Strand na Dorset

JUMANNE, KEW

Swali nililolileta hapa ni moja: mke na mume wa shambani, watu wa jembe na ng'ombe, waliachana vipi katika Uingereza ya karne ya 19? Nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo wilayani Rungwe kwa muda mrefu, na katika mashauri yote yaliyonipitia mikononi, ya talaka ndiyo yaliyonikaa moyoni. Sehemu kubwa ya taratibu tulizorithi zilipikwa huku. Nimetaka kuwaona kwa macho yangu watu wa kwanza waliopitishwa humo.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Kew, magharibi mwa London, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha Kew Gardens. Mbele ya jengo kuna bwawa kubwa lenye ndege wa maji. Unatoa kitambulisho na uthibitisho wa makazi, unapewa kadi ya msomaji. Mkoba, koti na kalamu ya wino vinabaki kwenye kabati. Unaingia na penseli, daftari na simu ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo. Kupiga picha ni ruhusa na hulipii. Nimeupenda utaratibu huu. Unamfundisha mtu heshima kwa karatasi kabla hajaigusa.

Majalada ya mahakama ya talaka yanahifadhiwa chini ya alama J 77, na yanaanza mwaka 1858. Ya karne ya 19 yameshapigwa picha, kwa hiyo unayasoma kwenye kompyuta. Kabla ya mwaka huo hapakuwa na mahakama ya kiserikali inayoweza kuvunja ndoa Uingereza na Wales. Mahakama za kanisa ziliweza kuwatenganisha watu kitanda na meza, lakini ndoa ilibaki, na hakuna aliyeruhusiwa kuoa au kuolewa tena. Aliyetaka talaka kamili alipeleka muswada wake Bungeni, utungiwe sheria ya watu wawili tu. Kwa zaidi ya karne moja na nusu miswada iliyopita ilikuwa mia tatu na ushei, na wanawake walioipata kwa njia hiyo hawakuzidi wanne. Sheria ya Mashauri ya Ndoa ya 1857, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1858, ndiyo iliyoleta mahakama. Maombi ya kuvunja ndoa yalizidi 200 mwaka wa kwanza tu. Watu walikuwa wamesubiri.

Nilianza kwa kutafuta wakulima, na papo hapo nikaona ugumu wa kazi. Orodha inakupa jina la mwombaji, jina la mjibu maombi, jina la mgoni kama yupo, na neno moja la kusema ni ombi la mume au la mke. Haikuambii kazi ya mtu wala kijiji chake. Ili ujue kama huyu ni kibarua wa shamba au mfanyabiashara wa mjini, lazima ufungue jalada lenyewe, ushuke mpaka kwenye nakala ya cheti cha ndoa.

Cheti hicho ndicho kimenishikilia mchana kutwa. Tangu Julai 1837, ndoa zote Uingereza na Wales ziliandikwa kwenye fomu moja: umri, hali ya ndoa, kazi, makazi, jina la baba na kazi ya baba. Chini kuna sahihi, na asiyejua kuandika aliweka alama ya msalaba, karani akaandika pembeni kwamba hii ni alama ya fulani. Unaanza kusoma kazi zao: kibarua, mchunga kondoo, mhunzi, mlinzi wa wanyama wa tajiri, mkulima mwenye shamba la kukodi. Kwa upande wa wanawake nafasi ya kazi mara nyingi imeachwa wazi. Nakataa kabisa kuamini kwamba mwanamke wa shambani hakuwa na kazi, eti kwa sababu karani hakuona haja ya kuiandika. Alikamua ng'ombe, alivuna, alishona glavu kwa ujira wa senti. Karatasi inanyamaza kuhusu hayo yote.

Baada ya cheti linakuja ombi lenyewe, na hapa mtu wa mahakama anafurahi, kwa sababu lina mpangilio. Tulioana siku fulani kanisa fulani. Tumeishi pamoja hapa, kisha hapa, kisha pale. Tumezaa watoto hawa. Kisha aya za tuhuma, moja moja, na tarehe. Mwisho, hati ya kiapo. Ile orodha ya makazi ndiyo sehemu inayozipita nyingine zote kwa thamani, kwa msomaji wa mambo ya vijijini. Sehemu kadhaa za kusini mwa Uingereza vibarua waliajiriwa kwa mwaka, na mwaka wa mkataba uliisha majira ya kuchipua. Kule Dorset, mkoa wa kusini magharibi, siku ya kuhama ilikuwa tarehe 6 Aprili. Barabara zilijaa mikokoteni ya familia zikibeba vitanda na kuku kutoka shamba hadi shamba. Mtu akiandika katika ombi lake kwamba wameishi mashamba manne, ameandika maisha yao yote: kila mwaka nyumba ya mwajiri mwingine, majirani wapya, na mke asiye na ndugu wa kumkimbilia usiku.

Jioni mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ambaye nimefikia kwake, alinipokea kwa shikamoo na chai, kisha akauliza swali ambalo nimelala nalo: "Dada, hao uliowaona ni wale waliofika London. Ambao hawakufika je?"

JUMATANO, KEW TENA, KISHA STRAND

Leo nimesoma maombi ya wanawake. Sheria ya 1857 haikuwapima mume na mke kwa mizani moja. Mume alitakiwa kuthibitisha kitu kimoja, kwamba mke amezini. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi na juu yake jambo jingine: ukatili, au kutelekezwa miaka miwili au zaidi bila sababu, au mume kuoa mke wa pili kinyume cha sheria, au kuzini na ndugu wa karibu, au makosa mengine mazito zaidi. Mpaka mwaka 1923 ndipo mke aliporuhusiwa kuomba talaka kwa uzinzi peke yake. Ndiyo maana maombi ya wanawake ni marefu. Kila pigo lina tarehe, kila chombo kilichorushwa kinatajwa. Nimeyasoma mengi na sikuzoea. Mwanamke aliyepigwa miaka kumi alilazimika kukumbuka ni mwezi gani alipigwa na nini, mbele ya nani, na kama alinyamaza akarudi chumbani, wakili wa mume angesema amesamehe. Mahakama ikikubali kwamba amesamehe, tuhuma ile inadondoka mpaka mume akosee tena.

Kuna jambo la tatu lililonishangaza, nalo ni mgoni. Mume aliyedai talaka alipaswa kumtaja mwanamume anayedaiwa kuzini na mkewe na kumwunganisha kwenye shauri, isipokuwa mahakama imruhusu vingine. Tena aliweza kumdai fidia ya fedha. Msomaji wa Tanzania hatashangaa sana, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 bado inaruhusu madai ya fidia ya ugoni. Lakini kuna tofauti kubwa ambayo nataka isomwe vizuri: kwetu mke naye anaweza kumdai mwanamke aliyezini na mumewe. Uingereza ya Victoria haki hiyo ilikuwa ya mume peke yake, kama vile ndani ya nyumba mwenye cha kupotezewa ni mmoja. Uingereza wenyewe wameshaifuta fidia hiyo tangu mwanzo wa 1971.

Majalada haya yana pengo moja. Ushahidi uliotolewa kwa mdomo kwa kawaida haumo. Unaona ombi, wito, majibu, hukumu ya awali, hukumu kamili. Husikii sauti za mashahidi. Ili uzisikie inabidi uende kwenye magazeti ya wakati ule, yaliyoandika mashauri ya talaka kwa urefu kiasi kwamba Malkia Victoria mwenyewe alimwandikia waziri wake wa sheria, Lord Campbell, mwishoni mwa 1859, akilalamikia habari hizo kuingia nyumbani mwa watu.

Na mashahidi walikuwa nani? Mpaka 1869 mke na mume wenyewe hawakuruhusiwa kutoa ushahidi katika shauri lililojengwa juu ya uzinzi. Walizungumza watu wengine: kijakazi aliyetandika kitanda, mtunza farasi aliyeona nyayo kwenye bustani, mwenye nyumba ya wageni, jirani aliyekuwa akiteka maji. Mashambani mzigo huo uliwaangukia watumishi. Fikiria msichana wa miaka 16, hajawahi kuvuka mto wa wilaya yake, anapandishwa treni hadi London kusema mbele ya jaji mwenye wigi alichokiona kupitia ufa wa mlango. Akisema, anamwangamiza bibi wa nyumba. Akikaa kimya, bwana wa nyumba anamfukuza kazi.

Shauri la vijijini lililopigiwa kelele kuliko yote ni la Sir Charles Mordaunt wa Walton Hall, Warwickshire. Alifungua ombi mwaka 1869 dhidi ya mkewe Harriet, na Februari 1870 mrithi wa kiti cha ufalme alisimama kizimbani kama shahidi. Mabishano kuhusu akili ya Harriet yalichukua miaka, na talaka ikatoka 1875. Watumishi wa ile nyumba waliitwa London kutoa ushahidi. Shauri kama hilo linajaza vitabu. Lakini Walton Hall ilizungukwa na nyumba za vibarua, na nao walikuwa na ndoa.

Mchana nilikwenda mtaa wa Strand, hapa hapa London, kuyaona majengo ya Mahakama Kuu, yaliyofunguliwa na Malkia Desemba 1882. Kabla ya hapo mashauri ya talaka yalisikilizwa Westminster, kwenye vyumba vya mahakama vilivyoshikamana na ule ukumbi wa kale. Jaji wa kwanza alikuwa Sir Cresswell Cresswell, aliyefariki 1863 baada ya ajali ya farasi. Nilisimama kwenye lango la Strand nikitazama mawakili wakipita na mabegi yao ya magurudumu. Yote yalikuwa hapa London: jaji, karani, muhuri. Mwanamke wa Cornwall, mkulima wa Northumberland, wote njia yao ilikuwa moja.

ALHAMISI, TRENI YA DORCHESTER

Nimepanda treni asubuhi kutoka Waterloo. Dorset niliichagua kwa sababu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyowalipa vibarua wa shamba ujira duni kabisa. Katikati ya karne ile kibarua wa kusini alipata shilingi 8 au 9 kwa wiki, na zilikuwapo wiki za mvua asizolipwa.

Nilipiga hesabu njiani, nayo naiandika kama nilivyoifanya. Talaka isiyopingwa, yaani nyepesi kuliko zote, iligharimu kama pauni 40 hadi 60. Pauni 40 ni shilingi 800. Kwa shilingi 9 ni mshahara wa wiki 89, karibu miaka miwili bila kununua hata mkate. Reli ilifika Dorchester mwaka 1847. Sheria ya 1844 ilizilazimisha kampuni za reli kuwa na treni moja kwa siku yenye nauli isiyozidi peni moja kwa maili, na safari hii ni karibu maili 140. Kwa peni 12 kila shilingi, hiyo ni shilingi 11 na ushei kwenda tu, kwa mtu mmoja, kwenye behewa la bei ya chini kabisa. Mashahidi wawili nao lazima wasafiri, wale, walale, na wafidiwe siku za kazi walizokosa.

Njia ya maskini ilikuwapo. Mtu aliyeapa kwamba, ukiacha nguo zake za kuvaa na ukitoa madeni, mali yake haifiki pauni 25, aliweza kuomba ashtaki bila kulipia ada. Wapo waliopita humo, nimewaona Kew: wahunzi, maseremala, vibarua, hata wanawake wafuaji nguo. Kwa hiyo si kweli kwamba mahakama ile ilikuwa ya matajiri watupu, na nawapa pongezi watu hao kwa ujasiri wao. Lakini msamaha wa ada haukulipa nauli ya shahidi.

Na hata aliyefika alisubiri. Kuanzia 1860 mahakama ilitoa kwanza hukumu ya awali, ndoa ikaendelea kuning'inia miezi mitatu, na baada ya 1866 miezi sita. Katika muda huo ofisa maalumu wa Malkia aliweza kuingilia kama amesikia kwamba mke na mume walipanga pamoja, au kwamba mwombaji naye ana dhambi yake. Habari alizipata hata kwa barua zisizo na jina. Aliyeishi kijijini anajua barua kama hizo huandikwa na nani.

Nimefika Dorchester mchana, nikaenda moja kwa moja kwenye Kituo cha Historia cha Dorset, barabara ya Bridport. Mama mmoja mhudumu, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Mama, hapa usitafute talaka. Tafuta wanaume waliotoroka." Nikamwambia hilo ndilo mdogo wangu alilonituma.

Kifungu cha 21 cha sheria ile ile ya 1857 ndicho nilichotaka kukifuata huku, na naona hakijapewa haki yake na wanaosimulia habari za talaka. Wakati ule chochote alichokipata mke kwa jasho lake kilikuwa mali ya mume. Mume aliweza kutoroka miaka mitano, mke akafungua kibanda cha mkate, akanunua kitanda na nguruwe wawili, halafu mume akarudi siku ya soko, akauza vyote, akanywea, akaondoka tena. Sheria ilikuwa upande wake. Kifungu cha 21 kilimruhusu mke aliyetelekezwa kwenda mbele ya mahakimu wa pale pale kwao, bila kwenda London, na kupata amri inayolinda mapato na mali yake tangu siku alipoachwa. Kwa mali hiyo alihesabiwa kama mwanamke asiye na mume. Amri ile ilipaswa kuandikishwa kwa msajili wa mahakama ya kaunti ndani ya siku 10. Mume au mdai wake akiishika mali hiyo baada ya hapo, mke aliweza kumshtaki na kurudishiwa kitu chenyewe pamoja na fidia ya mara mbili ya thamani yake.

Hiyo haikuwa talaka. Hakuweza kuolewa tena. Lakini kwa mfuaji nguo mwenye watoto watatu, nani atasema kwamba karatasi ile haikumfaa kuliko hukumu ya Strand?

Ugumu ni kuwapata wanawake hawa kwenye nyaraka. Mahakama ndogo za mahakimu zililazimishwa kutunza rejista za mashauri na sheria ya 1879. Kwa miaka ya nyuma yake mengi yamepotea, na inabidi usome magazeti ya mkoa, safu za mahakama, aya ya mistari minne katikati ya wizi wa sungura na ng'ombe aliyezagaa barabarani. Nimesoma mpaka macho yakauma.

IJUMAA, DORCHESTER

Asubuhi nimeletewa habari za rejista za gereza la Dorchester. Hapa ndipo nilipokutana na wale wanaume. Sheria ya Uzururaji ya 1824 ilimhesabu mwanamume aliyekimbia na kumwachia mke na watoto mzigo kwa parokia, yaani eneo la kanisa ambalo wakazi wake walitozwa kodi ya kuwalisha maskini, kuwa mhuni na mzururaji, na adhabu yake ilifika miezi mitatu ya kazi ngumu. Mwenye hasira hapa hakuwa mke. Walikuwa walipa kodi wa parokia, ambao sasa walilazimika kuilisha familia ile. Rejista inaandika kimo cha mfungwa, rangi ya nywele, makovu, kazi yake, parokia yake, na kosa lake: ametoroka, ameiacha familia. Mke hana jina kwenye mstari huo. Hata hivyo ni ndoa iliyovunjika, na imeandikwa na serikali, ila mahali ambapo hakuna mtu wa takwimu za talaka aliyetazama.

Wengine hawakurudi wala kukamatwa. Walivuka wilaya mbili, wakaoa tena kanisani kama vijana wapya. Kuoa mke wa pili ukiwa na ndoa hai lilikuwa kosa la jinai lililopelekwa mbele ya jaji wa mzunguko, lakini sheria ilimpa nafuu mtu ambaye mwenzake alikuwa ametoweka miaka saba mfululizo bila yeye kujua kama yu hai. Watu wa mashambani waliielewa nafuu hiyo kwa namna yao: wengi waliamini kwamba miaka saba ikipita ndoa imekufa yenyewe. Haikuwa hivyo; mtu aliepuka gereza tu, ndoa ya kwanza ikabaki.

Kwenye mashauri haya ndipo Jaji Maule alipotoa maneno yaliyobaki kwenye kumbukumbu, Warwick, mwaka 1845. Mbele yake alisimama maskini mmoja, Thomas Hall, ambaye mkewe alikuwa amemkimbia, naye akaoa mwingine. Maule alimweleza alichopaswa kufanya: amshtaki mgoni adai fidia, kisha aende mahakama ya kanisa, kisha apeleke muswada kwa mabwana wa Bunge, na yote hayo yangemgharimu mamia ya pauni. Kwamba hakuwa nayo, alimwambia, si hoja, kwa sababu sheria ni moja kwa tajiri na maskini. Jaji alikuwa akiichoma sheria yenyewe, na kila aliyekuwa chumbani alielewa. Maneno hayo yalirudiwa miaka kumi na zaidi katika mjadala uliozaa sheria ya 1857.

Na wapo walioamua kuachana sokoni. Mume alimfunga mkewe kamba shingoni kama mfugo, akamnadi mbele ya watu, mnunuzi akalipa, na wote watatu wakaamini, au wakataka majirani waamini, kwamba mambo yamekwisha. Mauzo maarufu ni ya Carlisle, kaskazini, tarehe 7 Aprili 1832: mkulima mdogo Joseph Thompson alimnadi mkewe Mary Anne kwa shilingi 50, akaishia kupokea shilingi 20 na mbwa. Kisheria haikuwa na nguvu yoyote. Watafiti wamegundua kwamba mara nyingi mnunuzi alikuwa mtu ambaye mke ameshamchagua, na mnada ulifanywa ili kijiji kishuhudie. Najua wanaoitetea desturi hiyo kwa hoja hiyo. Mimi siwezi. Mwanamke aliyelazimika kuvaa kamba ili apate ushahidi wa majirani alikuwa amenyimwa mlango mwingine wowote, na aliyemnyima ni Bunge lile lile ambalo baadaye liliweka mahakama moja kwa nchi nzima.

Mchana nimeingia Shire Hall, mahakama ya zamani ya mji, ambayo sasa ni makumbusho. Unashuka kwenye vyumba vya mahabusu, giza na baridi, kisha unapanda ngazi nyembamba na kutokea kizimbani. Niligusa ubao wa kizimba. Majaji wa mzunguko walikaa hapa mara kwa mara kwa mwaka, wakahukumu wezi wa kondoo na wauaji. Walikuwa na uwezo wa kumnyonga mtu, lakini hawakuwa na uwezo wa kuvunja ndoa. Sheria ya 1920 ndiyo iliyofungua njia ya mashauri ya talaka kusikilizwa kwenye mizunguko ya mikoani.

Kabla ya hapo nafuu ilikuja kwa vipande, na kila kipande kilipita kwa mahakimu wa wilaya. Mwaka 1878, baada ya kampeni ya Frances Power Cobbe kuhusu wanawake wanaoteswa na waume zao, mahakimu walipewa uwezo wa kumtenganisha mke na mume aliyetiwa hatiani kwa kumshambulia vibaya. Mwaka 1886 aliyetelekezwa aliweza kupewa matunzo yasiyozidi pauni 2 kwa wiki. Mwaka 1895 ukatili wa kuendelea ukatosha. Nimezisoma rejista za miaka ya mwisho ya karne hiyo, na hapa mwishowe wake za vibarua wana majina, wana tarehe, wana kiasi kilichoamriwa. Nilikaa nazo mpaka kengele ya kufunga.

JUMAMOSI, TOLPUDDLE

Kijiji kiko maili chache mashariki mwa Dorchester. Hapa ndipo walipotoka vibarua sita waliohukumiwa Shire Hall mwaka 1834 kupelekwa uhamishoni Australia kwa miaka saba, kosa lao kuapishana kiapo cha chama cha wafanyakazi baada ya ujira kushushwa kutoka shilingi 9 hadi 8, kisha 7, na kutishiwa 6. Makumbusho yao ni madogo na yametunzwa vizuri, na mti waliokutania chini yake bado upo.

Nimekuja kwa ajili ya wake zao. Walipoomba msaada wa parokia, hakimu James Frampton aliwanyima. Walilishwa kwa michango ya wafanyakazi wa London. Serikali iliyowaondoa waume kwa lazima haikuona ndoa hizo kuwa zimeguswa. Kama mmoja wao angeolewa tena, angeshtakiwa.

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa kituo cha basi, akauliza kama nimepata jibu lake. Nikamweleza habari za kifungu cha 21, za rejista za gereza, za miaka saba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo dada, hata kwetu mtu akihesabu talaka za mahakamani peke yake, hajui kitu." Nilimwambia kwetu mwenye ndoa iliyomshinda anaanzia baraza la usuluhishi la kata, kisha anafungua shauri mahakama ya mwanzo anayoifikia hata kwa miguu, na sheria ya 1971 inauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kwa mke na kwa mume sawa. Hata hivyo wapo wengi wasiofika, na yeye na mimi tunawajua kwa majina.

Nikirudi Rungwe nitaanza na vitabu vya baraza la kata, vile vya zamani vilivyofungwa kwa uzi, kabla mchwa hawajavimaliza. Nimeshamwandikia katibu wa baraza ujumbe kuomba ruhusa ya kuvisoma.